Lithiamu au risasi: hesabu ya betri za gari-nyumba ianzie kwenye usiku unaolala bila umeme wa nje

Anayetaka kubadilisha betri za gari-nyumba lake kwa kawaida huanza kwa kulinganisha bei mbili: betri ya risasi ya ampea-saa 100 na betri ya lithiamu ya ampea-saa 100. Ya lithiamu inaonekana ghali, na mjadala unaishia hapo. Nimewaona watu makini sana na fedha zao wakiamua kwa njia hiyo, na naamini lebo imewapotosha. Betri hizo mbili zimeandikwa namba moja, lakini hazitoi kiasi kimoja cha umeme, hazidumu muda mmoja, wala hazichajiwi kwa vifaa vya namna moja. Wauzaji wa lithiamu nao wana hesabu yao ya maelfu ya mizunguko (kuitumia betri na kuijaza tena mara moja ni mzunguko mmoja), hesabu ya kuvutia isiyomfaa chochote mtu anayesafiri likizo mbili tu kwa mwaka. Hesabu zote mbili zina pengo lilelile: hazimuulizi mnunuzi analala usiku mangapi kwa mwaka mahali pasipo na umeme wa kuchomeka.

Niseme kwanza ninazungumzia betri zipi. Kwa upande wa risasi ni zile za kazi ya muda mrefu, za maji au zilizofungwa zisizoongezwa kitu, na si betri ya kuwashia injini. Betri ya kuwashia imeundwa itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache. Ukiipa kazi ya kuendesha friji usiku kucha, utaiua upesi. Kwa upande wa lithiamu ni ile ya chuma na fosfeti, inayojulikana kwa herufi LFP. Ndiyo iliyoenea kwenye magari-nyumba kwa sababu huhimili joto vizuri kuliko ndugu zake wa kwenye simu na haina kobalti wala nikeli. Risasi ina umri mkubwa sana: Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859, na kemia yake ya msingi ni ileile hadi leo. LFP ilitoka kwenye maabara ya John Goodenough huko Texas katika miaka ya 1990. Yeye, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi yao ya betri za lithiamu.

Turudi kwenye lebo. Ampea-saa 100, au Ah 100, kwenye betri ya risasi hupimwa kwa kuchota umeme polepole, ampea 5 kwa saa 20. Ukichota haraka zaidi, hupati tena 100. Mjerumani Wilhelm Peukert aliipatia hali hii kanuni mwaka 1897. Kwa betri ya risasi ya kawaida, kanuni hiyo inasema ukichota ampea 50 mfululizo utaambulia kama Ah 63 tu. Ampea 50 kwenye mfumo wa volti 12 ni wati 600 hivi, yaani birika dogo la umeme kupitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Lithiamu hupoteza kidogo sana kwa kuchotwa haraka.

Kisha kuna suala la kina. Betri ya risasi inayokamuliwa hadi chini kila siku huchakaa upesi, ndiyo maana wenye uzoefu hutumia nusu yake tu. LFP inaweza kutumiwa asilimia 80 bila wasiwasi, na hata zaidi ikibidi. Volti zake hubaki karibu na 13 muda mwingi, kwa hiyo taa hazififii na inveta haianzi kupiga kelele jioni ikiingia. Kwa matumizi ya kweli, basi, Ah 100 za risasi zinashindana na kama Ah 60 hivi za lithiamu. Anayeweka bei za Ah 100 kwa Ah 100 ameshaipunja lithiamu kabla hesabu haijaanza.

Sasa tuchukue siku moja. Friji ya kompresa inakula Ah 40 hadi 50 kwa siku, zaidi kukiwa na joto kali. Ongeza feni ya paa, pampu ya maji, taa, simu na kompyuta moja ya kazi, na utafika karibu na Ah 100 kwa saa 24. Kuzipata hizo kwa risasi unahitaji betri mbili za Ah 100, utumie nusu. Kwa lithiamu inatosha moja ya Ah 125, utumie asilimia 80.

Fedha hutofautiana mahali na mahali, na bei za lithiamu zinashuka kila wakati, kwa hiyo nitaacha sarafu kabisa. Bei ya betri moja ya risasi iliyofungwa ya Ah 100 tuiite fungu 1. Lithiamu niiwekee mara tatu ya hapo kwa kila Ah, kadirio linaloipendelea risasi, kwa sababu siku hizi zipo nyingi za chini ya hapo. Risasi ni mafungu 2. Lithiamu ya Ah 125 ni mafungu 3.75. Risasi nzuri, ikitumiwa nusu na kuchajiwa vizuri, tuipe mizunguko 500. Lithiamu tuipe 3,000, namba ya katikati katika ahadi za watengenezaji. Risasi itakuwa imetoa Ah 50,000 maishani mwake, lithiamu Ah 300,000. Kila Ah 1,000 za risasi zimekugharimu fungu 0.04, na za lithiamu 0.0125. Lithiamu ni nafuu zaidi ya mara tatu.

Hapo ndipo muuzaji hunyamaza akitabasamu. Lakini hesabu hiyo ni kweli kwa mtu mmoja tu: yule atakayeitumia mizunguko yote.

Betri huzeeka hata ikikaa tu. Risasi iliyotunzwa vizuri, hata isipotumiwa sana, tuipe miaka 6. Lithiamu tuipe 12. Kwa hiyo mtu anayelala nje ya umeme usiku 20 kwa mwaka angehitaji miaka 25 kumaliza mizunguko 500 ya risasi, na miaka 150 kumaliza ile ya lithiamu. Hatafika huko. Kinachomuulia betri ni kalenda. Katika miaka 12 atanunua seti mbili za risasi, mafungu 4, au lithiamu moja, mafungu 3.75. Ghafla wanalingana karibu kabisa, na mizunguko 3,000 aliyoilipia ameitumia 240.

Bado hatujagusa vitu vinavyoizunguka betri, na kwa maoni yangu hapo ndipo uamuzi mwingi unapofanyika siku hizi. Gari-nyumba la zamani kidogo lina chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya risasi. Baadhi ya chaja hizo hushikilia volti 13.6 wakati wote. LFP inataka kama 14.4 ijae sawasawa, kwa 13.6 itachaji, lakini polepole. Chaja nyingine zina hatua ya kusawazisha seli inayopandisha volti hadi 15 au zaidi, nzuri kwa risasi ya maji, na kwa lithiamu ni kitu cha kuzima kabisa.

Alteneta, ile mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na injini ya gari, inahitaji uangalifu zaidi. Risasi hujizuia yenyewe: inavyojaa ndivyo inavyopokea umeme kidogo. Lithiamu hupokea karibu kila inachopewa hadi mwisho, na alteneta ndogo, hasa injini ikinguruma gari likiwa limesimama na hewa ya kupooza ikiwa haba, inaweza kuungua. Tena saketi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri ikikata ghafla wakati alteneta inasukuma umeme mwingi, volti hupanda mara moja na diodi za alteneta zinaweza kufa. Dawa ni chaja ya katikati inayopokea umeme wa alteneta na kuupitisha kwa kiwango kilichopimwa. Na kuna fyuzi: nyaya za lithiamu zikigusana, umeme unaopita ni wa maelfu ya ampea, na fyuzi za bei ya chini zinaweza kushindwa kuukata. Watu wa magari-nyumba na mashua huweka fyuzi za daraja T karibu kabisa na betri. Hapo sipendekezi kubana matumizi hata kidogo.

Chaja mpya, chaja ya alteneta, fyuzi, nyaya nene na siku ya fundi: tuseme vyote pamoja ni mafungu 2.5. Lithiamu sasa imefika 6.25. Kwa msafiri wa usiku 20, risasi yenye mafungu 4 imeshinda, na imeshinda kwa tofauti ya kuonekana. Kwa anayelala nje usiku 200 kwa mwaka, risasi inaisha kila miaka miwili na nusu. Katika miaka 12 atanunua seti tano, mafungu 10, dhidi ya 6.25. Kwa anayeishi ndani ya gari mwaka mzima, mizunguko 3,000 ya lithiamu inachukua miaka 8 na kidogo, na katika muda huo angemaliza seti sita za risasi, mafungu 12. Mistari ya hesabu hizi inakutana, yaani gharama zinalingana, karibu na usiku 130 kwa mwaka.

Angalia sasa kinachotokea tukibadilisha namba moja tu. Tuseme lithiamu ni mara mbili ya bei ya risasi kwa kila Ah badala ya mara tatu. Betri yenyewe inakuwa mafungu 2.5, na ikiwa gari lako tayari lina chaja yenye mpangilio wa lithiamu, fyuzi inayofaa na chaja ya alteneta, mafungu 2.5 ndiyo gharama nzima. Risasi yenye mafungu 4 katika miaka 12 inashindwa hata kwa msafiri wa wikendi. Lithiamu ikishuka hadi mara moja na nusu, betri ya Ah 125 inagharimu mafungu 1.875, chini ya mafungu 2 ya risasi, siku ileile ya kununua. Kwa hiyo mtu mwenye gari jipya lililofungwa vifaa vya kisasa na mtu mwenye karavani ya miaka ishirini wanaweza kusafiri siku sawa, kutumia umeme sawa, na bado jibu sahihi kwa mmoja likawa kosa kwa mwingine.

Niongeze jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Magari mengi mapya yana alteneta inayopunguza volti zake yenyewe ili kuokoa mafuta. Kwenye gari la namna hiyo, hata betri za risasi za chumbani hazijai barabarani bila chaja ya katikati. Gharama hiyo usiibandike kwa lithiamu peke yake, ungeilipa tu.

Nimeipa risasi mizunguko 500 kwa sharti la kuchajiwa vizuri. Sharti hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika ulinganisho wote huu, kwa sababu kwenye gari-nyumba linalotegemea sola ni gumu sana kulitimiza. Risasi hujaa kwa awamu. Hadi asilimia 80 hivi inapokea umeme kwa kasi. Baada ya hapo chaja hushikilia volti, na ampea zinaanza kushuka. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua saa nne au zaidi, hata uwe na paneli kubwa kiasi gani. Haiharakishwi.

Fikiria siku ya sola basi. Asubuhi betri iko nusu. Jua linapanda, paneli zinasukuma, na mchana betri inafika 80 na kitu. Sasa inataka saa nne za utulivu, lakini jua la maana limebaki saa mbili, na friji nayo inakula. Jioni betri iko kwenye 88 au 90. Usiku unaichota tena. Kesho yake inaanzia chini kidogo, siku ya mawingu inaishusha zaidi, na baada ya wiki betri inapanda na kushuka kati ya 40 na 85 bila kuwahi kujaa. Kila inapotoa umeme, sahani zake hujitandaza salfeti ya risasi, fuwele ndogo laini ambazo chaji kamili huziyeyusha. Zikiachwa siku nyingi hukua na kuwa ngumu, na sehemu hiyo ya sahani haifanyi kazi tena. Mwenye gari huona kwamba betri ya Ah 200 inatenda kama ya 120, na hulaumu kampuni.

Ndiyo maana naona mizunguko 500 ni namba ya maabara, mahali ambapo kila mzunguko unaisha kwa chaji kamili. Kwenye gari linaloishi kwa sola tupu, 250 haitanishangaza. Ukiweka 250 kwenye hesabu yetu, mistari inakutana karibu na usiku 65 kwa mwaka badala ya 130, hata lithiamu ikiwa mara tatu kwa bei na vifaa vyote vikiwa vipya. Lithiamu haina tatizo hilo. Kubaki nusu kwa wiki nzima hakuidhuru. Kwa kweli inapenda hivyo kuliko kukaa imejaa.

Kuna na umeme unaopotea njiani. Risasi hurudisha kama asilimia 80 ya nishati uliyoiingiza, lithiamu asilimia 95 au zaidi kidogo. Kwa matumizi ya wati-saa 1,200 kwa siku, risasi inataka 1,500 kutoka kwenye paneli, lithiamu kama 1,260. Tofauti ya 240 ni sehemu ya paneli moja juu ya paa, kila siku, na paa la gari lina mipaka. Kwa wanaotumia jenereta ni wazi zaidi: zile saa nne za mwisho za risasi, jenereta inanguruma na kuchoma mafuta ili kusukuma ampea chache. Mafuta hayo hayaonekani kwenye risiti ya betri, lakini yanatoka mfukoni mulemule.

Baridi ni upande wa risasi, angalau kwa nusu. LFP haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzijoto 0, kwa sababu lithiamu hushindwa kuingia ndani ya grafiti na kujibandika juu yake kama metali, na hasara hiyo hairudi. Betri nzuri ina saketi inayokataa chaji kwenye baridi, nyingine zina hita ndani. Kama unasafiri majira ya barafu, lipia hita au weka betri ndani ya chumba chenye joto. Risasi hukubali chaji kwenye baridi, ingawa uwezo wake hushuka sana, na ikiachwa tupu maji yake yanaweza kuganda na kupasua kasha.

Joto nalo huila risasi: kwa kanuni ya kawaida ya mafundi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa nusu. Kwa hiyo ile miaka 6 niliyoipa ni ya mahali pa wastani. Vilevile ni ya gari linaloegeshwa likiwa limechomekwa chaja au lina paneli ndogo ya kudumisha chaji. Risasi ikiachwa miezi mitano bila kitu, inajitoa umeme yenyewe na ile salfeti inaanza kazi. Lithiamu ukiiacha kwenye nusu na kutenganisha waya, utaikuta karibu ulivyoiacha.

Uzito nitausema kwa ufupi: betri mbili za risasi ni kilo 55 hadi 60, lithiamu ya Ah 125 ni kilo 14 hivi. Kwa karavani iliyo karibu na kikomo chake cha mzigo, kilo 45 ni maji ya siku mbili.

Ningeshauri nini, basi? Anayelala kwenye kambi zenye umeme wa kuchomeka, akitoka nje ya umeme mara chache kwa mwaka, na gari lake lina chaja ya zamani, anunue risasi nzuri iliyofungwa na aitunze kwenye chaja. Ni ununuzi wa busara, na asikubali kuonewa huruma na mtu yeyote kambini. Anayeishi kwa sola, au anayefanya kazi akiwa safarini, aende lithiamu na alipie vifaa vya kuizunguka kwa ukamilifu. Anayepata shida kuamua ni yule wa katikati, wa usiku 50 hadi 100. Yeye anaweza kwenda kwa hatua: risasi ya sasa ikiwa bado nzima, aanze kwa kununua chaja na kidhibiti cha sola vyenye mpangilio wa aina zote mbili. Vitaihudumia risasi vizuri zaidi hadi siku yake, na siku hiyo ikifika, lithiamu atailipia bei ya betri tu. Asichofanya ni kuunga lithiamu mpya sambamba na risasi ya zamani kwenye seti moja bila kujua anachofanya, maana volti zao haziendi pamoja.

Kabla ya hayo yote kuna kifaa kimoja kidogo cha kununua: mita ya betri yenye shanti, ile inayofungwa kwenye waya wa hasi na kuhesabu kila Ah inayotoka na kuingia. Ifunge kwenye betri ulizonazo sasa na usafiri nayo kama kawaida. Itakuonyesha unatumia Ah ngapi kwa usiku, na kama risasi yako huwa inajaa kweli. Ukija kununua lithiamu, mita hiyohiyo itakusaidia tena: ijaze betri mpya, ichote kwa mzigo wa kawaida hadi saketi ya ulinzi ikate, kisha usome namba. Ya Ah 125 itoe karibu na 125. Ikitoa 100, uliuziwa betri nyingine na si ile uliyoilipia, kwa hiyo fanya jaribio hilo ndani ya wiki ambazo muuzaji bado anakubali kurudishiwa mzigo.